Kamusi Iliyochelewa: Funzo la Krapf kwa Waandishi

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali katika eneo la Kisauni, lipo kaburi la Rosine Krapf, aliyefariki Julai 1844 pamoja na mwanawe mchanga. Aghalabu wapitao hapo hawakumbuki kuwa mgane aliyebaki na msiba huo ndiye aliyeanza, katika mwaka uo huo, kazi iliyomchukua maisha yake yote.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Alipowasili Mombasa hakungoja homa zimwachilie ndipo ajifunze lugha. Alianza mara moja kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi Ali bin Muhiddin. Mwaka 1846 alifikiwa na Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Kufikia mwaka 1850 alikuwa amekwisha kuchapisha, mjini Tübingen, sarufi ya Kiswahili na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki.

Lakini kamusi, ambayo maneno yake alikuwa akiyakusanya tangu mwanzo, haikutoka. Mwaka 1853 Krapf aliiaga pwani, akaenda kukaa Korntal. Alirejea kwa muda mwaka 1862, akaandika habari za safari zake, akashughulikia lugha za Uhabeshi. Kamusi ingali miswada. Ilichapishwa London mwaka 1882. Mwandishi wake alikuwa amefariki Novemba 1881.

Je, tuuite ucheleweshaji huu uzembe? Anayezifunua kurasa zake zaidi ya 400 hawezi kusema hivyo. Kamusi hii haikomei kwenye fasili ya neno. Inaeleza mila, vyombo, vyakula na mambo ya baharini. Inatofautisha Kimvita na Kiunguja. Inalinganisha Kiswahili na lugha za jirani za Wamijikenda. Zaidi ya hayo, imo michango ya Rebmann, na imo pia ya Askofu Steere, ambaye kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870. Kama Krapf angalichapisha kamusi yake pamoja na sarufi, asingaliweza kunufaika na kitabu ambacho kilikuwa bado hakijaandikwa. Muda ulimpa wenzake wa kujadiliana nao.

Hata hivyo, haifai kuusifu ukawiaji bila kuutaja ugharama wake. Kwa miaka 12, kuanzia 1870 hadi 1882, aliyetaka kujifunza Kiswahili kwa kitabu kipana alikutana na Kiunguja cha Steere. Kiunguja ndicho kilichokuja kufanywa msingi wa Kiswahili Sanifu. Sababu za uamuzi huo zilikuwa nyingi, na si haki kuzitwika kamusi moja. Lakini ni dhahiri kuwa Kimvita kilifika barazani kikiwa kimechelewa. Mwaka 1925 Binns aliitoa upya kamusi ya Krapf ikiwa imepangwa na kusahihishwa, nayo hadi leo ni hazina kwa wachunguzi wa lahaja.

Funzo kwa walimu na wanafunzi ni lipi? Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Maisha ya Krapf yanazipatanisha. Kuku anayeatamia na kuku aliyeyatelekeza mayai yake wote wawili hawaonekani kufanya kazi. Tofauti ni joto. Krapf aliatamia. Alikuwa ameanza mapema, maneno yalikuwa yamekwisha kuandikwa, na kila mwaka uliopita uliongeza au kusahihisha kitu.

Mwanafunzi anayelisoma swali la insha siku ya kwanza, akaandika mawazo yake machache, kisha akayaacha yachachuke siku kadhaa, huyo anaiga mfano huo. Yule asiyelifungua swali hadi usiku wa mwisho hana cha kuatamia. Nasi walimu tungetenda wema kama tungedai rasimu mapema na kuipokea kazi kamili baadaye, badala ya kuhesabu siku tu. Tena tuweke mwisho wa kungoja, kwani Krapf, pamoja na subira yake yote, hakukishika mkononi kitabu chake kilichochapishwa.