Tabibu McIndoe na Waliopoteza Pua Zao

Baada ya darsa yetu hapa Eldoret alitujia kijana mmoja aliyejifunga kitambaa usoni, kwani pua yake imeliwa na moto. Aliuliza kama ni halali kutengenezewa pua nyingine, au huko ni kugeuza maumbile ya Mwenyezi Mungu.

Jawabu ni wazi. Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatwa pua siku ya Kulab, zama za Jahiliya. Alijifanyia pua ya fedha ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha afanye ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini hapa iliruhusiwa ili mtu aondokewe na dhara. Basi kuondoa kilema si sawa na kutafuta urembo.

Jambo hili limetukumbusha tabibu mmoja ambaye, ingawa hakuwa Muislamu, maisha yake yana mafunzo kwetu. Archibald McIndoe alizaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1900. Alisoma udaktari kwao, kisha Marekani, na mwaka 1930 akahamia London. Huko alifunzwa na jamaa yake Harold Gillies, aliyekuwa ametengeneza nyuso za askari wa vita vya kwanza vya dunia.

Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, McIndoe alipelekwa katika hospitali ndogo ya mji wa East Grinstead. Aliletewa marubani vijana walioungua kwa petroli ya ndege zao, hawana kope wala pua, na vidole vimegandamana. Desturi ya matabibu ilikuwa kuyapaka majeraha hayo asidi ya taniki, ikayafanya magumu mithili ya gamba. Yeye akatambua kwamba walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Basi akaiacha dawa ile, akawaosha kwa maji ya chumvi.

Ama pua, alifuata njia ya Gillies. Ngozi ya mwilini, kama ya kifuani au begani, huinuliwa na kushonwa mfano wa mrija, ncha moja ikiachwa pale pale ili damu ipite, na ncha ya pili ikashonwa usoni. Baada ya majuma, damu ikishaingia kutoka usoni, ile ncha ya kwanza hukatwa na ngozi ikafinyangwa pua. Mgonjwa alikaa muda huo wote mrija ukimning'inia kama mkonga wa ndovu, na wengine walipasuliwa mara nyingi kwa miaka.

Lakini McIndoe alijua kwamba pua mpya haimfai mtu ambaye watu wanamkimbia. Aliwaomba wenyeji wa mji ule wawakaribishe vijana wake majumbani, wala wasiwakodolee macho. Nao wakakubali, hata mji ukasifika kwa hilo. Hatusemi kila desturi ya wodi yake ilikuwa njema, maana hata pombe ilikuwamo. Twachukua lililo jema. Mwaka 1941 wagonjwa wake waliunda chama chao, kikafikia wanachama 649.

Baada ya vita alipata shamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka 1957, yeye na wapasuaji wenziwe Michael Wood na Thomas Rees waliasisi shirika la kuwapelekea watu wa mbali tiba kwa ndege, nalo ndilo Amref, ambalo makao yake yako Nairobi. Alifariki London mwaka 1960.

Kijana wetu tulimwambia aende hospitali bila ya khofu, kwani tiba imeamrishwa. Lakini, ndugu zetu, hiyo ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni yetu sisi. Akitujia msikitini tumpe nafasi safuni, akitupa mkono tuupokee, na watoto wetu tuwafunze kumtolea salamu kabla ya kumtazama uso. Mji wa wageni uliweza hayo. Itakuwaje sisi tushindwe, na dini yetu imetukataza kumdharau ndugu?