Kapteni Grant na Mto Nile

Kila niendapo kupiga picha Mto Sio, hapa Busia, humkumbuka Kapteni James Augustus Grant, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1827. Mwaka 1860 alipiga picha Unguja. Kazi hiyo ilikuwa taabu: kioo kilipakwa dawa na kusafishwa kingali kibichi, ndani ya hema la giza lenye joto kali. Basi alipokwenda bara pamoja na Speke aliiacha kamera, akashika penseli na rangi za maji.

Julai 1862 Speke aliuona Mto Nile ukitoka ziwani. Grant hakuwapo, mguu wenye kidonda ulimzuia kwenda mbio. Hata hivyo hakukata tamaa, bali aliufuata mto hadi Gondokoro huku akichora. Michoro yake imo katika kitabu cha Speke cha mwaka 1863. Alifariki mwaka 1892.

Picha zangu za saa sita mchana zilikuwa zikitoka nyeupe tupu. Sasa huketi kwanza ukingoni na penseli, nikayatazama maji alfajiri na magharibi. Maji ya Sio hupitia Ziwa Viktoria, na ya Mto Malaba, upande wa Tororo, hupitia Ziwa Kyoga. Yote huingia Nile ile ile. Ndugu zangu, aliyekosa chombo asikose jicho.