Ismail Al-Jazari, Fundi wa Maji

Katika mafundi wa Kiislamu waliotumikisha maji, ni wachache waliofikia umaarufu wa Abul-Izz Ismail bin Al-Razzaz Al-Jazari. Nisba yake ni ya Al-Jazira, nchi iliyo baina ya mito ya Dajla na Furati. Aliingia katika utumishi wa wafalme wa Kiartuki, katika jimbo la Diyar Bakr, mwaka wa 570 Hijria (1174). Akamtumikia baba, kisha mwanawe, kisha mwana wa pili, Nasirud-Din Mahmud.

Mahmud huyu alikuwa hapendi kutiliwa maji ya udhu na mtumishi wala mjakazi, akamtaka Al-Jazari amfanyie chombo cha kumtilia. Akakifanya, kwa sanamu la mtumishi lililoshika birika. Mafakihi hawayaridhii masanamu ya namna hiyo. Walakini ilimu iliyo ndani yake ina faida.

Lililomshughulisha zaidi ni saa ya maji. Mtungi uliotobolewa chini hutoa maji kwa nguvu ukijaa, na kila yakipungua nguvu nayo hupungua, kwani yasukumayo ni yale yaliyo juu ya tundu. Basi saa ya kwanza na ya mwisho hazitalingana. Al-Jazari alitia baina ya hodhi na tundu chumba kidogo chenye chelezo kilichobeba kizibo: maji yakipanda, kizibo huziba njia, yakishuka, huifungua. Kimo hubaki kile kile, na mtiririko kadhalika.

Likabaki lililo zito. Zama hizo mchana uligawanywa saa 12 siku zote, uwe mrefu au mfupi. Na nchini kwake mchana huwa kiasi cha saa zetu 9 na nusu wakati wa baridi, na karibu ya 15 wakati wa joto. Wa kale walikuwa na kibamba cha nusu duara cha kushusha tundu na kulipandisha, kilichonasibishwa na Archimedes. Al-Jazari hakukipokea kwa ukubwa wa jina. Alikijaribu, akakikuta na makosa. Akafanya cha duara kamili, akatia alama zake kwa kuyapima maji tena na tena. Sababu moja ya ugumu huo ilidhihiri mwaka wa 1644, alipobainisha Torricelli wa Italia kwamba kimo kikiwa mara 4, mbio za maji huwa mara 2 tu.

Mahmud akamwamrisha aandike, kazi yake isipotee. Alikimaliza kitabu mwaka wa 602 (1206), chenye vyombo 50 na vipimo vyao. Mwaka wa 1976 saa yake moja iliundwa upya London kwa kufuata maelezo hayo, nayo ikenda.