Mtakatifu Andrea Kaggwa, Mpiga Ngoma Aliyelilea Kanisa



Wapendwa wanakwaya na waumini wote, kurasa nyingine za kijitabu hiki zinasimulia habari za kwaya yetu. Ukurasa huu tumeutenga kwa ajili ya ndugu yetu katika muziki aliyefariki zaidi ya miaka 130 iliyopita. Wengi wetu tunamtaja kila tarehe 3 Juni, tunapowakumbuka Mashahidi wa Uganda, lakini ni wachache wanaojua kwamba alikuwa mkuu wa wapiga ngoma.

Andrea Kaggwa alizaliwa Bunyoro, magharibi mwa Uganda ya leo. Akiwa bado mtoto, alitekwa na askari wa Buganda na kupelekwa katika ikulu ya Kabaka Mutesa, akawa mmoja wa wavulana watumishi. Huko alifundishwa kupiga ngoma na matoazi, na kipaji chake kikaonekana upesi. Kabaka Mwanga alipotawala, Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa mfalme. Hicho hakikuwa cheo kidogo, kwa maana katika Buganda ngoma ni sauti ya ufalme wenyewe. Mtoto wa mateka alikuwa amefika karibu kabisa na kiti cha enzi.

Wamisionari wa kwanza Wakatoliki, Padre Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, na Bruda Amans, walifika Buganda mwezi Februari 1879. Kaggwa akaanza kuhudhuria mafundisho, na tarehe 30 Aprili 1882 akabatizwa. Nyumbani aliishi na mke wake mmoja, Klara Batudde, ingawa siku hizo wakubwa wa nchi walihesabu wake wengi kuwa heshima.

Mwezi Novemba mwaka huo huo jambo zito likatokea. Mapadre walilazimika kuondoka Buganda. Walivuka ziwa wakaenda kukaa Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, katika Tanzania ya leo. Hakukuwa tena na Misa wala Kitubio, na hakuna aliyejua kama wangerudi. Kaggwa alikuwa na ubatizo wa miezi 6 tu.

Kanisa hilo changa lingeweza kufa hapo. Halikufa, kwa sababu walei walilishika. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwalea vijana wa ikulu katika imani. Matia Mulumba aliikusanya jumuiya ya Mityana. Kaggwa aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa sala na darasa la wakatekumeni. Ugonjwa wa kuambukiza ulipoingia nchini, aliwaendea wagonjwa ambao wengine waliwakimbia. Aliwahudumia, akawafundisha waliotaka kumjua Kristo, akawabatiza waliokuwa kufani, na waliofariki akahakikisha wanazikwa kwa heshima. Hayo yote aliyafanya huku akiendelea na kazi yake ya ngoma. Mapadre waliporudi mwezi Julai 1885, walikuta kundi kubwa kuliko lile waliloliacha.

Muda si muda mateso yakaanza. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa aliuawa. Kaggwa angeweza kukaa kimya na kubaki na ngoma zake, maana Mwanga mwenyewe alimpenda. Lakini aliendelea kufundisha, hata watoto wa Katikiro, waziri mkuu wa Buganda, wakawa miongoni mwa wanafunzi wake. Katikiro alikasirika mno. Alimwendea Mwanga akataka Kaggwa auawe. Mwanga alisita, kisha akakubali.

Ilikuwa tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo. Inasimuliwa kwamba Katikiro aliapa kutogusa chakula mpaka aletewe mkono wa Kaggwa, na kwamba Kaggwa mwenyewe aliwahimiza wauaji wafanye haraka, ili bwana wao asikae na njaa. Walimkata mkono, kisha wakamkata kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 30 hivi.

Papa Benedikto XV alimtangaza mwenye heri mwaka 1920, yeye na wenzake 21. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulipokuwa ukiendelea. Wote 22 walikuwa walei. Mwaka uliofuata, 1965, Mtaguso huo ulitoa hati nzima kuhusu utume wa walei. Mambo ambayo hati hiyo inatutaka tufanye, Kaggwa alikwisha kuyafanya miaka 80 kabla haijaandikwa.

Kwa nini tumemchagua yeye kwa jubilei yetu? Kwa sababu ni rahisi mwanakwaya kuona kwamba sauti yake inatosha. Tumefanya mazoezi, tumevaa sare, tumeimba Misa ikapendeza, basi tumemaliza. Kuimba ni utume wa kweli, na hatuudharau hata kidogo. Lakini Kanisa la Buganda lisingesimama kwa ngoma peke yake. Lilisimama kwa sababu mpiga ngoma alifungua mlango wa nyumba yake, akakaa na mgonjwa, akamfundisha mtoto wa jirani Ishara ya Msalaba.

Hali hiyo haiko mbali nasi. Katika parokia nyingi hapa nchini padre mmoja huhudumia vigango kadhaa, na zipo Jumapili ambazo Ibada ya Neno huongozwa na katekista. Tujiulize: padre wetu akiondoka kwa miaka mitatu, angerudi akute nini? Wapo wanaosema kazi za Kanisa ni za mapadre na masista. Wapo pia wanaosema hawana elimu ya dini ya kutosha. Tuwakumbushe ile miezi 6 ya Kaggwa.

Kwa hiyo tunaomba zawadi ya jubilei isiishie kwenye keki na sare mpya. Sauti ya kwanza, sauti ya pili, tena na besi, kila kundi lichague huduma moja ya kudumu: kufundisha watoto katekisimu pamoja na katekista, kuwatembelea wagonjwa wa jumuiya zetu, kuongoza sala katika nyumba yenye msiba, au kwenda kuimba katika kigango kisicho na kwaya. Na kila mwanakwaya aonekane katika Jumuiya Ndogo ya Kikristo ya mtaa wake, hata siku ambayo hakuna wimbo wa kuongoza. Nanyi waumini wenzetu msio wanakwaya, karibuni tushirikiane.

Mtakatifu Andrea Kaggwa, mpiga ngoma na mwalimu wa imani, utuombee.