Abu Bakr Ar-Razi na Homa Iliyomtatiza

Miongoni mwa matabibu waliotukuka katika zama za Kiislamu ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya Ar-Razi. Wanazuoni wana maneno juu ya baadhi ya fikra zake katika itikadi, na hayo siyo makusudio yetu hapa. Makusudio yetu ni utabibu wake, nao una mafunzo kwetu.

Alizaliwa katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, yapata mwaka 251 Hijria (865 Miladia). Alisimamia hospitali ya mji wake, kisha hospitali ya Baghdad. Alimheshimu Jalinus, tabibu mkubwa wa Kiyunani, lakini alitunga kitabu kizima cha kueleza mashaka yake juu ya maneno ya Jalinus, kwani hakuona kuwa ukubwa wa msemaji ni dalili ya kusihi kwa asemayo.

Kitabu chake kilichoenea zaidi ni kile cha ndui na surua. Humo alieleza namna ya kuyapambanua maradhi hayo mapema: maumivu ya mgongo huelekeza zaidi kwenye ndui, na kichefuchefu na dhiki ya moyo huzidi katika surua. Hakuwa na darubini. Alitegemea jicho, mkono, mkojo wa mgonjwa na kuuliza.

Katika Al-Hawi, kitabu kilichokusanywa kutokana na maandishi yake baada ya kufa kwake, imo khabari ya mgonjwa aitwaye Abdallah bin Sawada. Homa yake haikuwa na mpango: mara huja kila siku, mara huruka siku, mara hurudi baada ya siku sita, hutanguliwa na kitetemeko kidogo, naye huenda haja ndogo mara kwa mara. Ar-Razi hakukata shauri. Alisema ama ni homa ya vipindi, ama ni kidonda cha figo. Kilichomzuia kukata ni kuwa mtu huyo alikwisha kuugua homa za vipindi zamani. Haukupita muda mgonjwa akakojoa usaha, na ukweli ukadhihiri kuwa ni figo. Ar-Razi akaandika waziwazi kuwa alighafilika kumuuliza kama huhisi uzito kiunoni anaposimama.

Ndugu Waislamu, tazameni hali yetu sisi watu wa pwani. Mtu akipata homa husema mwenyewe kuwa ni malaria, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea, akameza dawa. Wako na matabibu wafanyao vivyo hivyo. Lakini kichomi, homa ya matumbo na dengi, iliyoenea Mombasa mwaka 2013, zote huanza kwa homa. Mtoto mwenye kichomi akipewa dawa ya malaria, ugonjwa wake huendelea huku wazazi wametulia, na khatari yake ni mauti. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limehimiza damu ipimwe kabla ya kutoa dawa, na kipimo cha tone moja hutoa jawabu kabla ya nusu saa. Kikionyesha hapana malaria, itafutwe sababu nyengine, wala mtu asirudi nyumbani akangoja.

Ar-Razi alifariki yapata mwaka 313 Hijria (925 Miladia), hali amepofuka macho. Ikiwa tabibu mfano wake hakuiridhia dhana yake, vipi sisi twairidhia yetu?