Sayyid Barghash na Jumba la Ajabu

Sayyid Barghash bin Said aliitawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi alipofariki mwaka 1888. Kabla ya hapo, mwaka 1859, alijaribu kumpindua nduguye, Sayyid Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay. Alipokalia kiti cha enzi aliuletea Mji Mkongwe maji ya mabomba, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib ufukweni. Halikuwa jumba la kulala bali la sherehe na mapokezi, na kwa nguzo zake za chuma na baraza zake pana liliyapita majengo yote ya mji.

Hata hivyo, jumba hilo liliinuka wakati enzi yenyewe ikididimia. Mwaka 1873, kwa vitisho vya manowari za Uingereza, Barghash alikuwa amekwisha kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, biashara iliyoutajirisha ukoo wake. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikagawana bara, naye akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu.

Mwaka 1896 mizinga ya Waingereza iliibomoa Beit al-Hukm iliyokuwa jirani. Beit al-Ajaib ikasalimika. Kilichokuja kuliangusha ni uchakavu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka na kuua watu wawili. Fahari aliyoijenga Barghash ilidumu kuliko mamlaka yake, lakini nayo ilihitaji mtunzaji.