Yidnekatchew Tessema: Kutoka Uwanjani Hadi Ofisini



Mhariri aliniomba niandike habari za mwanamichezo mmoja anayestahili kujulikana shuleni kwetu. Bila shaka alitazamia mfungaji mabao. Mimi nimemchagua Mwethiopia aliyeanza na mpira akamalizia na majalada.

Yidnekatchew Tessema alizaliwa Jimma mwaka 1921. Aliichezea klabu ya Saint George ya Addis Ababa na timu ya taifa, kisha akawa mwalimu wa timu hiyo. Januari 1962 fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilifanyika kwao. Timu zilikuwa nne tu: Ethiopia, Misri, Tunisia na jirani zetu Uganda. Vijana wake waliitoa Tunisia kwa mabao 4-2, kisha wakawafunga mabingwa watetezi Misri 4-2 katika muda wa nyongeza. Ethiopia haijalitwaa tena kombe hilo hadi leo.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Yeye alikuwa na mchezo mwingine, ulioanza Khartoum mwaka 1957. Huko Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini ziliunda Shirikisho la Mpira la Afrika, na Yidnekatchew alikuwa miongoni mwa waasisi. Makaburu walitaka kuleta timu ya weupe watupu au ya weusi watupu, si ya mchanganyiko. Wakakataliwa. Ethiopia, iliyokuwa ikutane nao, ikapata ushindi wa mezani.

Vita vyenyewe vilichukua miaka. Shirikisho la dunia, FIFA, liliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961, likairudisha 1963, likaisimamisha tena 1964 baada ya wajumbe wa Afrika na wenzao kusimama imara. Wakati huohuo nchi za Afrika zilisusia Kombe la Dunia la 1966, kwa kuwa Afrika, Asia na Oceania zilipewa nafasi moja tu kugombania. Matokeo yake, tangu fainali za 1970 Afrika ikawa na nafasi yake yenyewe.

Mwaka 1972 Yidnekatchew alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Afrika. Mwaka 1976, mjini Montreal, FIFA iliifukuza kabisa Afrika Kusini.

Kwa nini habari hizi ziwahusu watu wa Kongwa? Wazee wenzangu wanajua. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Msumbiji, Namibia na Angola waliweka kambi hapa kwetu, kwenye ardhi iliyoachwa na ule mradi wa karanga wa Waingereza. Nilipokuwa mtoto niliwaona wakifukuza mpira katika vumbi letu. Kwao hawakuruhusiwa kuvaa jezi ya nchi yao. Sikujua wakati ule kwamba kulikuwa na mtu Addis Ababa aliyekuwa akiwapigania katika vikao, bila bunduki.

Alifariki Agosti 1987, akiwa bado Rais. Hakuona Afrika Kusini ikirudi mwaka 1992, wala ikilitwaa Kombe la Afrika nyumbani kwake mwaka 1996, weusi na weupe katika timu moja. Timu ile ndiyo aliyoidai miaka 39 kabla.

Vijana, nami sikuwahi kupangwa katika kikosi cha shule. Kazi yangu ilikuwa kutunza mipira na kuandika kumbukumbu za kamati ya michezo, na nilikuwa nikiona haya. Sioni haya tena. Asiyepata namba uwanjani asijione hana kazi. Ajifunze kanuni, aandike vizuri, ahudhurie vikao, na akiona jambo la dhuluma asinyamaze ili tu mechi ichezwe.

Nawatakieni mkutano mwema.